Picha za vichochoroni Mji Mkongwe: mbingu nyeupe, nyuso za kijivu, na uhariri uanzie wapi

SWALI: Assalamu alaykum mwalimu. Mimi ni mkaazi wa Unguja, kazi yangu ni ya ofisini, na kupiga picha nafanya kwa kupenda tu. Nina kamera ya Nikon D3500 niliyoinunua ikiwa imeshatumika, pamoja na lenzi yake ya milimita 18 hadi 55. Mwisho wa wiki hutembea Mji Mkongwe, Darajani, Malindi na Forodhani. Nimeshauriwa nipige kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera, ili niweze kuhariri, lakini nikizifungua picha kwenye kompyuta naziona zimefifia kuliko nilivyoziona kwenye kioo cha kamera. Nikijaribu kuzitengeneza, mbingu inabaki nyeupe tupu, na nyuso za watu ama zinageuka rangi ya chungwa ama zinakuwa kijivu kama zimepakwa majivu, hadi naona bora ningetumia simu. Nitumie programu gani, nijifunze kwa utaratibu upi, na je, nizinunue zile filta zinazouzwa mtandaoni? Mimi ni dada yako katika fani.

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Kabla sijalijibu swali moja moja, nikueleze jambo ambalo majibu yote yatalirejea: tatizo lako haliko kwenye programu. Liko kwanza katika kiasi cha mwanga unachoiachia kamera ikuchagulie, na pili katika kuanza kusogeza vitelezi, yaani vile vidhibiti vya kwenye programu, kabla hujaamua jicho la mtazamaji litue wapi. Uhariri wa picha za mji kama wetu, wenye jua kali na kivuli kizito vinavyokaa hatua mbili kutoka kimoja hadi kingine, kwa sehemu kubwa ni kazi ya kutuliza na kutia giza, wala si kazi ya kuongeza. Aliyeulinda mwanga mkali wakati wa kupiga hubakiwa na kazi ya dakika chache kwenye kompyuta, na ambaye hakuulinda hakuna programu ya bei yoyote itakayomrudishia kilichopotea.

Nianze na kule kufifia, kwa sababu ndiko kunakowakatisha tamaa wengi. Unapopiga kwa RAW, unachokiona kwenye kioo cha kamera si faili ghafi lenyewe, bali ni picha ya JPEG ambayo kamera imeitengeneza papo hapo na kuiweka ndani ya faili, ikiwa imeshaongezewa kontrasti (tofauti ya mwanga na giza), rangi na ukali kwa kufuata mpangilio wa Picture Control uliomo kwenye menyu. Programu nyingi za kuhariri huipuuza JPEG hiyo pamoja na mpangilio wake, zikasoma takwimu za kihisio, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, na kuzionyesha kwa namna yao wenyewe, tena kwa upole wa makusudi. Kwa maneno mengine, faili ghafi ni mchele na JPEG ni wali, na wewe umekuwa ukiufungua mchele ukitarajia harufu ya wali. Hakuna kilichoharibika. Kamera yako huhifadhi faili ghafi kwa biti 12, yaani ngazi 4,096 za mwanga kwa kila rangi, ilhali JPEG ina biti 8, yaani ngazi 256 tu. Na ngazi hizo za ziada ndizo zitakazokuwezesha kuufungua uso ulio kivulini bila ya kutokea mabaka.

Kwa sababu hiyo, programu ninayokushauri uanze nayo ni NX Studio, ambayo Nikon wenyewe wanaitoa bure tangu mwaka 2021. Sifa yake kubwa kwa mwanafunzi ni kwamba inauheshimu mpangilio wa Picture Control wa kamera, hivyo picha itafunguka ikiwa inafanana na ile uliyoiona kwenye kioo, na wewe utaanzia hapo badala ya kuanzia kwenye kufifia. Ukishaizoea na kuanza kuhisi inakubana, hamia darktable au RawTherapee, ambazo nazo ni za bure na zina uwezo mkubwa, ingawa darktable inataka kompyuta yenye nguvu na mwanafunzi mwenye subira. Lightroom ni programu nzuri, lakini hulipiwa kila mwezi, na kwa hatua uliyonayo sioni itakupa nini ambacho hizo nyingine hazina. GIMP ni kwa kazi nyengine, ya kuunganisha picha na kuandika maneno juu yake. Chagua moja ukae nayo muda mrefu, maana anayehama programu kila mwezi hujifunza mahali pa vitufe tu.

Sasa tuje kwenye mwanga wenyewe. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera kimetengenezwa kikidhani kwamba vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, vitatoa kijivu cha katikati. Hakijui tofauti ya kanzu na buibui. Siku ya Ijumaa, ukimpiga mzee aliyevaa kanzu nyeupe ikajaa sehemu kubwa ya fremu, kamera itaona mwanga umezidi, itaupunguza, na uso wa mzee utatoka mweusi usioonyesha macho. Ukimpiga bibi aliyevaa buibui jeusi, kamera itafanya kinyume chake: itaona giza, itaongeza mwanga ili buibui liwe kijivu, na uso utaungua, yaani utatoka mweupe mtupu. Kamera za leo zina hesabu za kupunguza kosa hili lakini hazijaliondoa, na kwa watu wetu, ambao siku moja wanaweza kuwa wamejipanga barazani kanzu kwa buibui, kosa hilo hutokea kila mara.

Dawa yake ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, kilicho karibu na kitufe cha kupigia. Weka kamera kwenye A (wewe unachagua tundu la lenzi, kamera inachagua kasi ya shata), kishikilie kitufe hicho huku ukizungusha gurudumu, na utaona mwanga ukiongezeka au kupungua kwa theluthi ya stopu, stopu moja ikiwa ni kuzidisha mwanga maradufu au kuupunguza nusu. Kanzu iliyo kivulini ikijaa fremu, ongeza kati ya theluthi mbili na stopu moja. Buibui likijaa fremu, punguza kiasi hicho hicho. Kwa jua kali lisilo na wingu iko kanuni ya zamani ambayo haijawahi kuniangusha: ISO (unyeti wa kihisio kwa mwanga) 100, tundu la f/8 na shata ya 1/400 ya sekunde. Ukianzia hapo, nyuzi za kanzu iliyo juani zitaonekana, na ukiona kamera inakwambia vingine kabisa, jiulize ni nini kinachoidanganya.

Halafu ingia kwenye menyu ya kutazamia picha, kwenye chaguo za maonyesho, uwashe kile kinachoitwa Highlights. Tangu hapo, kila sehemu ya picha iliyoungua itakuwa inapepesa kwenye kioo. Sehemu ndogo ikipepesa, kama jua lenyewe au mng'ao wa bati, usijali. Ikipepesa kanzu, ukuta mzima au paji la uso, punguza mwanga upige tena hapo hapo. Sababu ni ya kiufundi na haina huruma: kwa ISO 100 hadi 400, sehemu ya giza unaweza kuipandisha stopu mbili kwenye kompyuta na isiharibike, lakini sehemu iliyoungua haina takwimu yoyote ndani yake, na kitelezi utakachokisogeza kitaifanya iwe kijivu badala ya nyeupe, basi. Hilo ndilo jibu la mbingu yako. Na kwa vichochoro, ambako utepe wa mbingu juu ya paa unakuwa mkali mara nyingi kuliko njia iliyo chini, njia rahisi kuliko zote ya kuiokoa mbingu ni kutoitia kwenye picha: inamisha kamera kidogo, au sogea mpaka kibaraza kiufunike utepe huo.

Umeniuliza pia utaratibu wa kujifunza, na hapo lazima nizungumzie saa za kutoka, kwa kuwa ratiba nyingi utakazozikuta mtandaoni zimeandikwa na watu wa nchi ambako jua hutambaa juu ya upeo kwa muda mrefu. Sisi tuko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua letu hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ule mwanga laini wa dhahabu unaosifiwa unadumu kama nusu saa tu baada ya kuchomoza na nusu saa kabla ya kuchwa, na baada ya kuchwa una dakika 20 hivi za anga ya buluu kabla ya giza. Anayetaka mwanga wa asubuhi awe ameshafika mahali pake jua halijatoka.

Wataalamu hao hao hukuambia ukifika mchana uifunge kamera. Kwa ufukweni wako sawa. Kwa Mji Mkongwe sikubaliani nao hata kidogo. Katika vichochoro vyembamba vyenye nyumba za ghorofa mbili tatu, saa tano hadi saa tisa ndio wakati ambapo jua hupiga ukuta wa upande mmoja na ukuta huo, ukiwa umepakwa chokaa, huurudisha mwanga upande wa pili ukiwa laini, mpana, wenye joto kidogo. Mtu aliyekaa kwenye baraza ya upande wenye kivuli, akiutazama ukuta wenye jua, anamulikwa kwa mwanga ambao mwenye studio angeununua kwa pesa nyingi. Ukae nyuma ya mpaka wa jua, umwache jua lisimguse kabisa, na umpime yeye badala ya ukuta. Mwanzoni mwa Machi na tena katika siku za mwanzo za Oktoba, jua la adhuhuri linapita juu ya utosi wetu, na kwa muda mfupi mwanga unashuka mpaka chini ya njia bila ukuta wowote kuutuliza. Muda huo nenda kaswali, ule, urudi.

Ufukweni kunaamuliwa na maji zaidi kuliko saa. Tofauti kati ya maji kujaa na kutoka hapa Unguja hufika takriban mita 4 wakati wa bamvua, na hupungua sana wakati wa maji mafu. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa kuelekea saa kumi jioni na hutoka kuelekea saa nne asubuhi, kisha kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Kwa hesabu hiyo utajua kwamba wale vijana wanaopiga mbizi kutoka ukutani Forodhani utawapata katika mwanga wa kuchwa siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au kutimia, maji yakiwa yamejaa. Wiki nyengine utasimama pale pale saa hiyo hiyo ukute mawe matupu. Uso wa mji umeelekea magharibi, kwa hiyo jioni anayeruka atakuwa mbele ya jua na atatoka kama umbo jeusi. Liache jeusi. Kitelezi cha vivuli hakina kazi hapo, na kuuchimba uso ambao jua liko nyuma yake kunaondoa kile kilichokufanya uinue kamera. Kwa kuzigandisha hizo mbizi utahitaji shata ya 1/1000 au kasi zaidi, na ISO ipande mpaka itakapopanda. Asubuhi ni kinyume: ukisimama ufukweni kuelekea Malindi ukiangalia bahari, jua likishavuka mapaa linakuwa mgongoni kwako, na madau na mashua zinamulikwa usoni, mbao zake na matanga yake yakionekana rangi halisi. Ukichoka na mji, panda daladala hadi Jozani, ambako kima punju wamezoea watu kiasi kwamba lenzi yako ya milimita 55 inatosha. Pandisha ISO hadi 1600 na ujue kwamba majani yatatia ukijani kwenye kila kitu, pamoja na uso wa mwenzako.

Kuhusu watu, nina imani mwenyeji hahitaji kufundishwa adabu, lakini kamera huwafanya hata wenyeji wajisahau. Mkubwa husalimiwa kwanza, shikamoo yake iitikiwe, ndipo ombi lije. Na asiyetaka haombwi mara ya pili. Waliomo katika sala, wanaotawadha na watoto wasio na mkubwa wao karibu waachwe. Eneo la bandari na majengo ya vyombo vya ulinzi yaachwe pia, kwa kuwa mabishano na askari wa lindo hayana picha nzuri mwishoni mwake. Wewe, kwa kuwa ni mwanamke, una nafasi ambayo sisi wanaume hatunayo: ua wa nyumba siku ya shughuli, sufuria za pilau, mikono inayopakwa hina. Hizo ni picha chache sana katika kumbukumbu za mji wetu, ambao milango yake ya kuchonga imeshapigwa picha mpaka imechoka. Ila picha za ndani si za kusambaza kwa uamuzi wako. Aliyekukaribisha ndiye mwenye ruhusa, na anaweza kuiondoa wakati wowote.

Sasa nyuso. Ule ukijivu na ule uchungwa unaoulalamikia vinatokana na kitendo kimoja. Uso unatoka na giza, unakivuta kitelezi cha vivuli hadi mwisho, na kitelezi hicho kinapandisha weusi wote kwa pamoja: kontrasti inakufa na rangi ya ngozi inapauka, ndiyo maana unaona majivu. Kisha, ili kuirudisha rangi, unaongeza ukolezi (nguvu ya rangi) kwa picha nzima, na kwa kuwa ngozi zetu zimekaa katika eneo la rangi ya chungwa na nyekundu, hizo ndizo zinazoruka mbele ya nyingine zote. Acha vitelezi vyote viwili. Tumia ule mstari wa toni ambao programu huuonyesha ukiwa mshazari ndani ya mraba: ushike katika theluthi ya kwanza kutoka upande wa weusi, uuinue kidogo, na ile ncha yake ya chini kabisa iache palepale ilipo, ili weusi ubaki weusi. Uso utafunguka na nywele na nyusi zitabaki na uzito wake. Ukiona bado ngozi ina uchungwa, punguza ukolezi wa rangi ya chungwa peke yake, kidogo tu, bila kugusa mwangaza wake. Na usiyafute mng'ao wa paji la uso na wa mashavu. Katika ngozi nyeusi mng'ao ndio unaochora umbo la uso, na wanaoulainisha wakidhani ni jasho huishia na uso bapa.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, lazima uwiano wa weupe, yaani kuifanya nyeupe ionekane nyeupe bila kuegemea bluu wala manjano, uwe sawa, na hapa Darajani na Malindi zina mtego wao: maturubai ya bluu. Aliyesimama chini ya turubai la bluu amepata bluu ya kweli usoni, na ukiiondoa kwa kupasha picha nzima, samaki na njia vitageuka manjano. Njia nzuri ni kumwomba asogee ukingoni mwa turubai. Njia ya pili ni kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe bila ya majuto. Mahali pengine unaweza kubofya zana ya kidondoshi cha rangi juu ya kofia au kanzu ili programu ijue weupe ni upi, ukikumbuka kwamba kanzu nyingi zimefuliwa kwa buluu na zilizo kivulini zinabeba bluu ya mbingu, kwa hiyo ukishabofya, punguza joto (umanjano) kidogo kwa jicho. Picha za usiku za Forodhani usizisafishe hadi ziwe nyeupe; taa za wachoma mishkaki ni za manjano, na ndivyo kila aliyekula pale anavyoikumbuka.

Kwa mpangilio wa kazi, mimi hufuata huu: weupe, kisha mwanga wa jumla, kisha kuituliza sehemu angavu, kisha mstari wa toni, na mwisho kabisa rangi. Nikimaliza hapo huikagua picha kwa udogo, ukubwa wa stempu, nione jicho linakimbilia wapi. Likikimbilia kwenye ndoo nyeupe iliyo pembeni badala ya kwa muuzaji, sitampandisha muuzaji. Nitaichagua ndoo peke yake na kuitia giza, au nitaikata. Kihisio chako hutoa pikseli 6,000 kwa 4,000, na chapisho zuri la sentimita 10 kwa 15 linahitaji kama 1,800 kwa 1,200 tu, hivyo una nafasi kubwa ya kukata. Nyumba zinazoonekana kulalia nyuma zinyooshwe kwa zana ya mtazamo, lakini acha mwegemeo kidogo, kwa kuwa jengo refu lililonyooka kabisa huonekana limefunuka kwa juu.

Zoezi nitakalokupa ni moja, na nakuomba ulifanye kabla ya kutazama video nyengine yoyote ya mafunzo. Weka Picture Control kwenye Monochrome huku ukiendelea kupiga RAW. Kioo kitakuonyesha nyeusi na nyeupe, NX Studio itafungua nyeusi na nyeupe, lakini rangi zote zimo ndani ya faili na utazirudisha ukitaka. Nenda kwenye kichochoro kimoja tu, kile kile, kwa wiki kadhaa na saa tofauti, na uhariri bila rangi mpaka picha isimame kwa mwanga wake. Rangi za kanga na embe zina tabia ya kuficha kwamba picha haina mpango, na ukiziondoa utaliona hilo mara moja. Ukipata nafasi, zitazame kwa makini picha za zamani za Capital Art Studio, iliyoanzishwa hapa Unguja na Ranchhod Oza mwaka 1930: angalia jinsi alivyoacha nusu ya ukuta izame gizani, na jinsi kanzu zilivyo nyeupe na bado zina mikunjo. Hizo ni picha za jua hili hili na kuta hizi hizi, na zitakufundisha zaidi ya mkusanyo wowote wa picha za Iceland.

Kompyuta yako ipunguze mwangaza wa kioo hadi ukurasa mweupe ufanane na karatasi nyeupe iliyoshikwa kando yake chumbani. Wengi huhariri usiku, kioo kikiwa kikali chumba kikiwa na giza, na kesho yake wanashangaa picha zimekuwa nzito. Ukihifadhi JPEG ya kutuma, chagua mpangilio wa rangi wa sRGB; ule wa Adobe RGB ukifunguliwa kwenye simu zisizoufahamu hupoteza rangi, na utadhani kosa ni lako. Kwa WhatsApp itume kama hati ili isibanwe. Faili ghafi liweke sehemu mbili tofauti na uandike tarehe, mtaa na kilichokuwa kikitendeka, hata kwa mstari mmoja. Jumba la Beit el Ajaib, pale Forodhani, lilisimama tangu 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka. Picha ya kawaida ya mpitanjia, yenye tarehe na upande ilikopigwa, inaweza siku hiyo kupanda thamani kuliko picha iliyosifiwa na watu elfu.

Limebaki la filta za kununua. Jibu langu ni usinunue. Filta hizo ni nafasi za vitelezi zilizohifadhiwa na mtu mwingine alipokuwa akihariri picha zake, kwa mwanga wa kwao na, mara nyingi, kwa ngozi ya watu wa kwao. Jambo hili lina historia: kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, na nyuso zetu zikawa zinatoka kama zilivyotoka. Baada ya miezi michache utakuwa na nafasi zako mwenyewe za vitelezi kwa kivuli cha vichochoroni. Zihifadhi kwa jina la mtaa na uzitumie kama mwanzo. Pesa ya filta nunulia chujio la polaraizi, kwa sababu kazi yake ni karibu ya pekee ambayo programu haiwezi kuiiga: linakata mng'ao wa juu ya maji kabla haujafika kwenye kihisio, hivyo unaweza kuona mchanga na mwani chini ya maji ya saa nne ya bamvua kule Chwaka au Paje. Tazama kipenyo kilichoandikwa kwenye lenzi kabla ya kununua. Lenzi ya 18 hadi 55 ya aina ya AF-P huchukua chujio la milimita 55, na ile ya zamani ya AF-S huchukua la milimita 52. Kwa kuwa kamera yako umeinunua kwa mtu, huenda ikawa na mojawapo kati ya hizo mbili.